Vitamu vya Hekaluni katika Bara Hindi

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya vyakula vitamu ambavyo Wahindu wa Bara Hindi huvipika ili kuvitoa sadaka mahekaluni mwao. Yumkini mtu atasema, "Sisi na vitamu vya Wahindi, wapi na wapi?" Hata sisi tulidhani hivyo, mpaka jambo lenyewe lilipokuja kubisha hodi mlangoni petu.

Karibu na chuo tunachofundisha, ambacho ni chuo cha walimu, yupo mwenye duka mmoja, Mhindu, mzee mpole wa maneno machache. Kila mwaka, ifikapo sikukuu yao ya taa iitwayo Diwali, hutuletea chuoni kasha la vitamu. Mwaka mmoja wanafunzi walikuwa wamekwisha kulizunguka kasha lile, na mikono imekwisha kunyoshwa, mara mmoja wao, kijana asiye na desturi ya ubishi, akarudi nyuma hatua moja akauliza, "Mwalimu, vitu hivi vimewekwa mbele ya sanamu, ama havikuwekwa?" Wengine wakacheka. Wengine wakavirudisha walivyokwisha kuvishika. Nasi tulisimama pale hatuna jibu.

Swali lile halikuwa la kuchekwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno mengi juu ya jambo lilo hilo, na wanafunzi wetu Waislamu nao wana mafundisho yao juu ya chakula. Mwalimu aulizwaye asilolijua ana njia mbili: kumkemea aliyeuliza, au kwenda kutafuta. Tukaenda dukani. Haya tutakayowaeleza, mengine tuliyapata kwa yule mzee akiwa amekaa nyuma ya mizani yake, na mengine tuliyasoma baadaye. Wazee wa pwani waliwaita Wahindu Mabaniani, na iko mithali isemayo, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Sisi mithali hii hatuipendi, maana imewafundisha watu kukitwaa kiatu bila kutaka kumjua mwenye kiatu.

Neno la kwanza tulilofundishwa ni prasadi. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya hekalu, kabla hakijatolewa, huitwa naivedya. Kuhani hukichukua akakiweka mbele ya sanamu, kisha pazia hufungwa au mlango hurudishwa, kwa kuwa si adabu kumkodolea macho mkubwa anapokula. Kengele hulia, sala husemwa. Baada ya kitambo pazia hufunguliwa, na chakula ni kile kile, hakikupungua hata punje. Lakini sasa jina lake limegeuka, chaitwa prasadi, ambalo katika lugha yao ya kale ya Kisanskriti maana yake ni fadhili. Waumini husema kwamba Mungu amekipokea, na kinachorudi kwao ni baki lake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu bila kulielewa neno hili la baki hatutaelewa yanayofuata. Kwa desturi za Wahindu, makombo ya mtu mwingine ni unajisi. Chakula kilichoguswa na kinywa cha mtu, hata kwa tone moja, hakimfai mwenziwe. Ila baki la Mungu si makombo. Ni heshima, na maskini na tajiri hulipokea kwa mkono wa kulia na kuliinua kwanza kuelekea kwenye paji la uso. Basi, kwa kuwa baki ni la Mungu, haiwezekani kabisa mpishi atangulie kulionja. Akionja, yeye ndiye amekula kwanza, naye Mungu amepewa makombo ya mpishi.

Sasa fikirini, akina mama mnaotusikia. Ninyi mpikapo mchuzi hudondosha tone katika kiganja mkaliramba, mkajua kama chumvi imekolea. Mpishi wa hekalu hana ruhusa hiyo. Atapika sufuria ambayo watu kumi hawawezi kuiinua, ya maziwa na sukari na samli, kwa watu elfu kadhaa, wala asijue kwa ulimi wake kama imekuwa tamu au imeungua. Hana msaada ila kipimo, jicho na pua, na mkono uliozoea. Na hata pua, wako wapishi wanaojifunga kitambaa usoni ili pumzi zao zisikiguse chakula. Kwa hiyo kila hekalu kubwa lina vipimo vyake vilivyowekwa tangu zamani, sukari kiasi gani, samli kiasi gani, moto wa namna gani, na ujuzi huo hupita kutoka kwa baba hata kwa mwana.

Lakini wao kwa wao wanacho kisa kinachokwenda kinyume cha sheria hiyo, nacho hupendwa sana. Husimuliwa habari za mwanamke mzee wa msituni, jina lake Shabari, mtu wa kabila duni, aliyengojea miaka mingi kumwona Rama. Siku Rama alipopita, mzee yule hakuwa na kitu ila kunazi za mwituni. Akamega kila kunazi kwa meno, iliyo chungu akaitupa, iliyo tamu akampa mgeni wake. Ndugu yake Rama alichukizwa kuona makombo yakitolewa. Rama mwenyewe akala akasema kwamba ni tamu. Kisa hiki cha kuonja hakimo katika Ramayana ya kale ya Valmiki, kiliingia katika masimulizi ya baadaye. Hata hivyo tunaona kimedumu kwa sababu watu walihitaji kusikia kwamba mapenzi yaweza kuipita sheria. Mzee wa dukani alipotusimulia, aliondoka pale alipokaa akatuonyesha kwa vidole jinsi bibi yule alivyomega.

Je, kwa nini vitamu, wala si ugali au maharage? Mahekalu mengi hutoa wali na mboga pia. Bali vitu vitamu vina sababu zake. Sukari, au tuseme miwa, Wahindi ndio waliojifunza mapema sana kuipika juisi yake hata ikawa chembe kavu. Na neno letu sukari asili yake ni Kisanskriti, likapitia kwa Waajemi na Waarabu hata likatufikia. Samli nayo hutoka katika maziwa ya ng'ombe, mnyama wanayemheshimu kuliko wote, kwa hiyo huhesabiwa safi. Katika desturi zao za matabaka, chakula kilichochemshwa kwa maji kilipokewa kwa mtu wa tabaka lako tu au la juu yako; bali kilichokaangwa kwa samli kiliweza kupokewa kwa watu wengi zaidi. Na sababu ya mwisho ni ya akili ya kawaida: kitu cha samli na sukari hakichachi upesi. Msafiri aliyekwenda kuhiji mwendo wa siku kumi huweza kuwarudishia wa nyumbani prasadi ikiwa bado nzima.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni ladu ya Tirumala. Tirumala ni vilima saba vilivyo juu ya mji wa Tirupati, katika jimbo la Andhra Pradesh, na juu yake liko hekalu la Venkateswara, mojawapo ya mahekalu yanayozuriwa na watu wengi kupita yote duniani. Ladu hufanywa hivi. Unga wa dengu huvurugwa kwa maji hata uwe uji mwepesi. Uji ule humiminwa juu ya upawa mpana wenye matundu, ukadondoka tone tone katika karai ya samli iliyopata moto. Kila tone huiva likawa punje ya duara, rangi yake kama dhahabu. Punje huopolewa zikatiwa katika shira ya sukari, zikachanganywa na korosho, zabibu kavu, iliki na vibonge vya sukari iliyogandishwa. Kisha, zingali moto, wapishi huzifinyanga kwa mikono, donge moja moja. Ajuaye kupika kaimati ameelewa nusu ya kazi hii. Jiko lao huitwa potu, na orodha ya vipimo huitwa dittam. Ladu ndogo uzito wake ni gramu 175 hivi, nazo hufanywa kiasi cha laki tatu kwa siku. Na hilo neno laki nalo tulilipata kwa Wahindi. Tangu Januari 2020 kila mwenye kuzuru hupewa ladu moja bila malipo, na atakaye zaidi hununua. Mwaka 2009 jina la ladu ya Tirupati liliandikwa katika daftari la serikali ya India, kwamba asiwepo mtu wa mahali pengine awezaye kuuza ladu yake kwa jina hilo.

Tumetaja korosho. Mkorosho si mti wa Bara Hindi, wala si wa kwetu. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioueneza pande zote mbili za bahari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho ghafi za Mtwara na Lindi imepakiwa melini kwenda Bara Hindi kubanguliwa. Mkulima wa Newala anayeokota korosho zake alfajiri asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali naye.

Turudi kwa mpishi asiyeonja. Tulisema kwamba hana msaada ila kipimo. Lakini kipimo nacho chataka uaminifu wa aletaye vitu. Mpishi akipewa samli iliyoghoshiwa, atapima sawasawa, atapika sawasawa, na sadaka itakuwa imeharibika mikononi mwake bila yeye kujua. Ndilo jambo lililowapata. Mnamo Julai 2024 samli iliyoletwa Tirumala ilipimwa katika maabara ya mji wa Anand, na taarifa ikasema kwamba kuna dalili za mafuta ya kigeni ndani yake. Mwezi wa Septemba mwaka huo kiongozi wa serikali ya jimbo akatangaza hadharani kwamba siku za serikali iliyotangulia ladu zilipikwa kwa samli iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Wale wa serikali iliyotangulia wakakana, wakasema ni siasa. Tarehe 23 Septemba makuhani walifanya ibada ya kutakasa hekalu na jiko lake. Tarehe 4 Oktoba Mahakama Kuu ya nchi nzima iliagiza kiwekwe kikundi cha wachunguzi watano, wawili wa idara ya upelelezi ya serikali kuu, wawili wa polisi wa jimbo, na mmoja wa mamlaka ya usalama wa chakula. Na Februari 2025 watu wanne walikamatwa.

Sisi tusio wa dini ile twaweza kusema, samli ni samli, wangapi wameuziwa maziwa yenye maji? Tulipomwambia hivyo mzee wa dukani, alinyamaza kitambo. Yeye tangu kuzaliwa hajala nyama, wala baba yake hakula. Mwaka uliotangulia habari hizo, jamaa yake alikuwa amemletea ladu moja kutoka Tirumala, naye aliigawanya nyumbani mwake vipande tisa, hata mjukuu wa miezi minane alitiwa chembe kinywani. Akasema, "Mwalimu, mimi sijui ilikuwa na nini. Niliyempa ni mtoto." Hatukuongeza neno.

Upande wa mashariki wa Bara Hindi, katika jimbo la Odisha, kando ya bahari, uko mji wa Puri, na hapo liko hekalu la Jagannath lililojengwa katika karne ya 12. Jiko lake si la karai za chuma bali la vyungu vya udongo. Vyungu hupangwa kimoja juu ya kingine juu ya meko ya kuni, na waumini husema kwamba kile cha juu kabisa ndicho kiivacho kwanza. Chungu kikishatumika hakirudiwi. Kesho vyungu vipya, na hivyo wafinyanzi wa nchi ile hawakosi kazi. Hesabu ya vyakula inayotajwa ni 56, wali wa namna nyingi, dengu, mboga, na vitamu, hasa khaja, ambayo ni unga wa ngano uliokunjwa matabaka matabaka ukakaangwa na kuchovywa katika shira. Viazi ulaya na nyanya haviingii jikoni humo, kwa kuwa ni vitu vilivyokuja kutoka Amerika baada ya sheria za jiko kuwekwa. Chakula kikishatolewa kwa Jagannath hupelekwa kwa mungu wa kike Bimala aliye ndani ya ua ule ule, ndipo kiitwe Mahaprasadi, yaani prasadi kuu.

Hesabu hiyo ya 56 ina hadithi yake. Krishna, wasema, alipokuwa kijana aliuinua mlima wa Govardhan kwa kidole akawakinga watu na ng'ombe wao kwa mvua kubwa siku saba, bila kula. Kwa kuwa nyumbani alizoea kulishwa mara nane kwa siku, mvua ilipokatika watu walimletea milo yote aliyoikosa. Watoto mtusikiao, zidisheni wenyewe.

Jambo kubwa la Puri ni hili, kwamba Mahaprasadi huliwa na watu wa matabaka yote pamoja, katika soko lililo ndani ya ua wa hekalu liitwalo Ananda Bazar. Brahmani na mchukuzi huweza kula kutoka chungu kimoja, wala asinajisike mtu. Tuliposoma hayo tulifurahi. Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Mlango wa hekalu lilo hilo kwa muda mrefu ulifungwa kwa watu walioitwa wasioguswa. Mwaka 1934 Mahatma Gandhi alifika Puri akakataa kuingia, kwa kuwa wao hawakuruhusiwa. Na mwaka 1938 alihuzunika sana aliposikia kwamba mkewe Kasturba ameingia. Katiba ya India ya mwaka 1950 iliuondoa unajisi huo wa kuzaliwa kwa sheria. Chungu kilitangulia kusema neno ambalo mlango ulichelewa kulikubali. Na hata leo asiye Mhindu haruhusiwi kuingia ndani.

Tusiache kuwasimulia habari za rasagola, kwa sababu zimetuchekesha. Kila mwaka Jagannath hutolewa hekaluni pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yake Subhadra, wakapandishwa magari makubwa ya mbao, wakaenda kukaa siku kadhaa katika hekalu jingine la Gundicha. Mkewe Lakshmi huachwa nyumbani. Basi waume mtanielewa: siku ya kurudi, Bwana akuta mlango umefungwa. Hufanyika maneno ya kujibizana kati ya watumishi wa upande wa mume na wa upande wa mke, hata mume atoe rasagola, madonge meupe ya maziwa yaliyogandishwa yanayoelea katika shira, ndipo mlango ufunguliwe. Watu wa Bengal na watu wa Odisha waligombana sana ni nani aliyeanza kutengeneza rasagola. Serikali ikawaandikia Wabengali yao mwaka 2017, na watu wa Odisha yao mwaka 2019, kila mmoja kwa namna yake.

Kusini kabisa, katika jimbo la Kerala, yuko Krishna wa Ambalapuzha, na sadaka yake ni payasamu ya maziwa: mchele, maziwa, maji na sukari, basi. Haina iliki wala zabibu. Huchemshwa muda wa saa nyingi hata rangi yake ielekee uwaridi. Husimuliwa kwamba mfalme wa huko alikuwa bingwa wa sataranji, tena mwenye majivuno. Siku moja akaja mtawa maskini, wakakubaliana kucheza, na mfalme akamwambia ataje zawadi aitakayo akishinda. Mtawa akasema, "Mimi nataka mchele tu. Katika chumba cha kwanza cha ubao weka punje moja, cha pili mbili, cha tatu nne, na kila chumba kizidi mara mbili ya kile cha nyuma, hata vyumba vyote 64 viishe." Mfalme akacheka. Akacheza, akashindwa, akaagiza mchele uletwe.

Sisi tulilifanya jambo hili darasani kwa chaki. Chumba cha 10 kina punje 512, mtoto aweza kuzibeba kiganjani. Chumba cha 20 kina punje 524,288. Ukikadiria punje elfu arobaini kwa kilo moja, ni kilo 13 na kidogo. Hapo wanafunzi walikuwa bado wanatabasamu kama yule mfalme. Chumba cha 32, ambacho ni nusu tu ya ubao, kina punje 2,147,483,648, zaidi ya tani 53. Na vyumba vyote kwa pamoja ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Mchele wa mavuno ya dunia nzima ya siku hizi hautoshi. Yatakiwa mavuno ya mamia ya miaka. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika ubaoni alishusha mkono akasema, "Mwalimu, amekwisha." Ghala za mfalme zilipokauka, mtawa akajifunua kuwa ndiye Krishna, akamwambia, "Usinilipe leo. Nilipe kidogo kidogo kwa payasamu, uwape wanaonijia." Hivyo kila siku hupikwa payasamu na kutolewa, na deni bado liko.

Ziko sadaka nyingine ambazo tutazipita mbio. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, hupewa modaka, ambazo ni vifuko vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi iliyokunwa na sukari guru na kupikwa kwa mvuke. Desturi ni kumpa 21. Mpishi wa Lamu akipewa modaka gizani atajua kila kilichomo. Na Palani, katika nchi ya Watamil, hupondwa ndizi pamoja na sukari guru, asali, samli, tende na iliki, bila tone la maji, ikawa kitu kizito kikaacho siku nyingi.

Lakini wako watu wengine ambao si haki kuwapita mbio, nao ni Masingasinga. Wao si Wahindu, wala hawaweki sanamu. Lakini nao wana kitamu chao cha ibada, kiitwacho karah parshad. Ni unga wa ngano, sukari na samli, vitu vitatu kwa uzito ulio sawasawa, vikakorogwa motoni pamoja na maji. Kila aingiaye hupewa katika viganja viwili vilivyounganishwa, wala haulizwi dini yake wala tabaka lake, na mkubwa hapewi zaidi ya mdogo. Yule atakaye kukiona hana haja ya kuvuka bahari. Masingasinga wengi walikuja nchi hizi wakati wa kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896, na huko Makindu, kando ya njia iendayo Nairobi, wamo katika nyumba yao ya ibada iliyojengwa mwaka 1926. Madereva wa malori na wasafiri wa kila namna hushuka hapo wakala bure.

Sasa, lile swali la kijana wetu. Tulipomuuliza mzee wa dukani kama vile vitamu vya Diwali vilikuwa vimewekwa mbele ya sanamu, alishangaa kwanza. Akasema, "Mwalimu, zile nilizoleta ni za jikoni kwangu, za sikukuu tu. Prasadi singekupeni bila kusema. Kumpa mtu prasadi asiyoitaka ni kumkosea yeye, na tena ni kuikosea prasadi, maana ataitupa." Tukamshukuru, tukarudi tukawaambia wanafunzi. Kijana yule akala ladu yake siku ya tatu, imekwisha kukauka kidogo.

Diwali iliyofuata mzee alileta sahani mbili. Moja alisema ni ya dukani, na nyingine, iliyofunikwa kitambaa cheupe, akasema, "Hii imetoka hekaluni. Atakaye na atwae, asiyetaka na aache." Tukawaeleza wanafunzi kama alivyosema, tukaziweka sahani zile juu ya meza mbili mbalimbali, tukatoka nje ili asiwepo atakayetazama macho ya mwalimu. Tuliporudi, sahani ya dukani ilikuwa tupu. Katika ile ya hekaluni zilibaki ladu tano. Tukazifunika kwa kitambaa kile kile, tukamrudishia mwenyewe jioni ile, naye akazipokea kwa mkono wa kulia.